Umeachiwa Land Rover ya zamani? Isome kwanza, spana baadaye

Hii naandika kwa yule mtu ambaye mshkaji wake wa magari ya zamani ametangulia mbele ya haki, familia imekaa kikao ikasema hii chuma apewe fulani maana ndo walikuwa wanaelewana. Sasa chuma iko nyuma ya nyumba Bwiru au Nyegezi hapa Mwanza, imekaa miezi haijawashwa, kuku wanapanda juu ya bonet, na wewe umeshika funguo hujui uanzie wapi. Mimi nilipata Land Rover Series III 109 ya petroli kwa njia hiyo hiyo kwa hiyo mifano yangu yote ni ya hiyo. Ukiwa na Peugeot 504 au Datsun mpangilio ni uleule, vipimo tu ndo utatafuta vyako.

Kitu kimoja nakisema mapema halafu utaona nakirudia rudia huko chini: usianze na kuifumua. Najua presha ilivyo, unataka rangi mpya, siti mpya, watu Kirumba wageuke. Lakini gari ya mtu aliyeipenda imejaa maamuzi yake, ule waya wa ajabu unaopita chini ya dashibodi ameuweka kwa sababu, ile bolti ndefu kuliko wenzake ipo pale kwa sababu, na yeye hayupo tena umuulize. Ukija na moto wa kubomoa utatoa matatizo pamoja na majibu yake. Kwa hiyo miezi ya mwanzo kazi yako ni kuisoma na kuifanya iwe salama, basi. Urembo baadaye.

Hatua ya 1: Makaratasi na mama mjane

Gari ya marehemu haihami kwa maneno ya kikao cha ukoo, hata kama wote walipiga makofi. Familia inafungua mirathi mahakamani, anateuliwa msimamizi wa mirathi, na huyo msimamizi ndo mwenye mamlaka ya kusaini umiliki uhame TRA. Kama bado hawajafungua wasaidie kwa upole, na usiingize hela nyingi kwenye gari kabla hiyo haijaisha, maana anaweza kutokea mtoto wa Dar akasema gari ya baba nani kaitoa, na hapo ushafunga tairi tano mpya.

Omba kadi ya gari original ulinganishe namba. Kwenye Series III namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma cha chesisi mbele upande wa kulia, pale springi inaposhikia, na kuna kibati kingine ndani. Kwa mbele utakuta matope na kutu, piga brashi ya waya taratibu na mafuta ya taa, usiruhusu mtu aweke grainda hapo, akifuta hiyo namba umeua gari kisheria. Angalia na namba ya injini, maana hizi gari nyingi zilishabadilishwa injini huko nyuma na kadi haikuguswa, rekebisha sasa hivi wakati unahamisha umiliki. Ile road licence ya kila mwaka ilifutwa 2017 ikahamia kwenye bei ya mafuta kwa hiyo hiyo isikuumize kichwa, ila bima ni lazima.

Halafu kwa mama usiende siku ya kwanza na breki dauni. Nenda mikono mitupu, kaa, kunywa chai. Mimi nilimuuliza mama, "Shikamoo mama, hivi mzee hii gari alikuwa anaipeleka kwa nani?" akanijibu "Marahaba baba, si kwa yule fundi wake wa Mabatini, tena alikuwa anamgombeza kila siku ila hatoki kwake." Sentensi hiyo moja imeniokolea hela kuliko kitu chochote nilichosoma.

Hatua ya 2: Chukua na makopo, sio gari tu

Watu wanabeba gari wanaacha stoo. Kosa kubwa sana hilo. Muombe mama kwa heshima akuruhusu uangalie stoo kabla vijana hawajasafisha na kuuza chuma chakavu. Unatafuta daftari, risiti, kopo za Blue Band zenye bolti, maboksi ya spea yenye namba, spana za inchi. Hizo spana ni muhimu kuliko unavyodhani maana nati nyingi za Series III ni za inchi, 7/16, 1/2, 9/16, sio za milimita, na ukilazimisha spana namba 13 kwenye nati ya nusu inchi itaingia kwa kubahatisha halafu siku nati imeshika utaivua kona zote. Ukiona spana 13 inacheza kidogo acha, katafute ya inchi.

Maboksi ya spea usitupe hata yakiwa na kitu kilichochakaa. Namba iliyoandikwa kwenye boksi ndo utakayoitaja dukani, iwe Gerezani Dar au Kirinyaga Road Nairobi, na muuzaji hana ujanja wa kukupa ya Defender akakwambia ni ileile. Piga picha zote weka kwenye simu.

Na yule fundi, mtafute. Hata kama amezeeka, hata kama gereji imekuwa fremu ya miamala. Mlipe siku yake moja aje aizunguke gari na wewe uwe na kalamu. Atakwambia giaboksi ilifunguliwa lini, difu ya nyuma (gia za katikati ya ekseli) inalia toka zamani msihangaike nayo, tangi lilishazibwa. Ukimkosa huyo, tafuta mzee yeyote wa Nyakato aliyeanza kazi enzi za kabureta. Vijana wa mashine ya kupima ni wazuri sana kwa magari yao, ila hii haina pa kuchomeka mashine.

Hatua ya 3: Usiguse stata

Gari iliyokaa miezi sita na zaidi haiwashwi tu kwa kuazima betri ya jirani. Chomoa plagi nne, tia oili ya injini kidogo, kama kijiko cha chai, kila silinda, iache ilale hadi kesho yake. Kesho zungusha injini kwa mkono, kama hendeli ya mbele ipo tumia hiyo, kama haipo weka gia ya nne sukuma gari polepole na plagi zikiwa nje. Ikizunguka laini shukuru. Ikigoma usiivute kwa gari nyingine, ongeza oili, subiri siku kadhaa, jaribu tena, ukivuta kwa nguvu unaweza kuvunja ringi au kupinda kitu ambacho kingeachia chenyewe.

Fungua chujio la hewa. Series inatumia lile la chungu chenye oili, na panya wa Mwanza wanalipenda kweli, utakuta kiota na maganda ya karanga. Osha kwa mafuta ya taa, kausha, tia oili mpya mpaka alama, maana hilo chungu ndo linakamata vumbi la barabara ya Kisesa lisiingie kwenye silinda.

Petroli ya zamani mwaga yote, ikinuka kama vanishi haifai hata kuchanganya. Kwenye yangu tangi liko chini ya siti, lina plagi ya kumwagia kwa chini, weka beseni safi uangalie kinachotoka. Kikitoka kitu cha kahawia chenye mchanga mchanga hiyo ni kutu, tangi lifunguliwe lioshwe, la sivyo kila wiki utakuwa unafungua kabureta.

Betri: Series III ni hasi kwenye bodi. Zile za zamani zaidi, Series II na baadhi ya IIA, zilikuwa chanya kwenye bodi, na kuna wazee walibadilisha wenyewe bila kuandika popote. Fuata waya mnene unaoenda kwenye chesisi uone umetoka kichwa gani kabla hujafunga. Ukigeuza umechoma alternata kabla hata hujasikia injini.

Washa ukiwa umeangalia presha ya oili. Taa ya oili isipozima ndani ya sekunde chache zima.

Hatua ya 4: Oili zote, hata kama ni safi

Hii fupi. Injini 20W-50, kama lita saba pamoja na filta, badilisha kila kilomita 5,000 kwa vumbi letu. Giaboksi, transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) na difu mbili gia oili 90, na kwa giaboksi dai ile iliyoandikwa GL-4 kwenye galoni, maana GL-5 nyingine zinakula shaba ya ndani. Sheria moja tu: fungua plagi ya kujazia kabla ya plagi ya kumwagia. Ukimwaga kwanza halafu ya juu ikagoma kufunguka umebaki na gari haina oili na haiwezi kutiwa. Difu unajaza mpaka ianze kuchuruzika kwenye tundu, basi.

Usisahau yale mabakuli ya chuma yanayong'aa nyuma ya magurudumu ya mbele, nayo yana oili yake. Yakishapata vitobo vitobo vya kutu yanakata sili, oili inavuja hadi kwenye tairi. Mafundi wengi wanakwambia jaza grisi. Kuna grisi laini maalum kwa kazi hiyo nayo inasaidia, ila grisi ngumu ya beringi ukiipakia humo haifiki juu kwenye pini na bushi zinakauka.

Hatua ya 5: Breki, na hapa usinihurumie hela

Mwanza ni vilima na mawe. Ukitoka Bugando kushuka mjini na breki za kubahatisha hamna pa kukimbilia, kulia jiwe kushoto nyumba ya mtu. Kwa hiyo kabla gari haijatoka getini breki zifumuliwe zote hata kama pedali iko ngumu na mzee alikuwa anasema ziko poa.

Magurudumu yote manne ni drami. Kabla ya kuinua gari soma hii mara mbili: handbreki ya Series haishiki magurudumu, inashika drami ndogo nyuma ya transfa, kwenye propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli. Maana yake ukiinua gurudumu moja la nyuma, lile la hewani linazunguka kupitia difu na gari inatembea na handbreki ikiwa imevutwa hadi mwisho, inashuka kwenye jeki wewe uko chini. Ukitoa propela shafti ya nyuma nayo handbreki imekufa kabisa. Weka mawe pande zote za magurudumu yaliyobaki chini, kwa mawe huu mji hauna upungufu, na tumia stendi, sio jeki peke yake. Kwa sababu hiyo hiyo usivute handbreki gari ikiwa inakimbia labda imekuwa ya kufa na kupona.

Ukivua drami usipulize vumbi kwa kompresa. Breki shuu za miaka ile zilitengenezwa na asbesto, na hilo vumbi ukilivuta linakaa kwenye mapafu maisha. Lowanisha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitambaa tupa. Mwambie na fundi, atacheka, mwambie tena.

Angalia whili silinda, zile zinazosukuma shuu kwenye kila gurudumu, kama zina unyevu chini ya vifuniko vya mpira. Zikivuja badilisha zote za ekseli hiyo, usibadilishe moja. Hozi za mpira ziko tatu, mbili za mbele na moja inayoshuka kwenye ekseli ya nyuma, hizo kama hujui umri wake badilisha tu, maana zinaziba kwa ndani nje zikionekana nzima, unakanyaga breki inashika haiachii. Zile paipu za chuma zipitishie kidole mpaka mwisho, hasa nyuma karibu na sailensa ambako matope yanakaa.

Fluidi ni DOT 4, chupa iliyofungwa, sio ile iliyokaa wazi kwenye shelfu ya gereji toka mwaka juzi, maana hii kitu inanyonya unyevu kwenye hewa na hewa yetu ya ziwani ina unyevu wa kutosha. Badilisha kila miaka miwili. Na asije mtu akakwambia tia hidroliki oili ya pawa stering kwa muda, raba zote zinavimba, masta silinda (ile ya kwenye pedali) inakufa, whili silinda zinakufa, kilachi pia kama wamechota kopo hilohilo. Kuna gari naijua ilifanyiwa hivyo kwenye gereji moja, mfumo mzima ukanunuliwa upya kwa ajili ya kuokoa hela ya chupa moja.

Toa upepo kwenye breki ukianza gurudumu lililo mbali na masta silinda, kisha kaza zile ajasta za nyuma ya bamba mpaka shuu iguse halafu rudisha kidogo gurudumu lizunguke huru. Pedali ikiwa ndefu kwenye 109 mara nyingi ni ajasta, sio upepo.

Hatua ya 6: Maji

Hii nayo ina mambo ya kwetu. Mwanza tuko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji matupu yanachemka kwenye digrii 96 hivi, sio 100. Kwa hiyo mfuniko wa rejeta unaoshika presha sio pambo, ndo unaoongeza hizo digrii zilizopotea. Mfuniko ukiwa na raba iliyokauka gari itachemsha kupanda kilima na fundi atakuuzia rejeta. Anza na mfuniko.

Thamostati. Najua, karibu kila gari ya zamani Bongo haina thamostati, fundi aliitoa akasema huku kwetu joto haihitajiki. Inahitajika. Bila hiyo injini asubuhi inachelewa kupata moto, inakunywa petroli, oili inachafuka haraka, na wala haitibu kuchemsha, inakuficha tu kwamba rejeta imeziba. Rudisha, lakini kabla ya kufunga itie kwenye sufuria ya maji ya moto uone inafunguka.

Rejeta ioshe kwa kurudisha maji nyuma, hozi ya bomba unaiweka chini maji yatoke juu, mpaka yatoke meupe. Fungua na kikoki cha kwenye bloku maana tope linalala huko. Baada ya hapo kulanti iliyochanganywa na maji yaliyochujwa. Maji ya ziwa usitie, najua yapo hapo hapo na ni ya bure, ila yanakuja na matope na majani ya kijani na rejeta yako sio bwawa la sato. Kwa nje angalia mapezi, kile kipindi wadudu wa ziwani wanapokuja kama wingu la moshi wanajaa mbele ya rejeta, puliza kwa maji laini kutoka upande wa injini kwenda mbele.

Na wakati tuko kwenye maji, kuosha gari ufukweni acha. Sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 toka ziwani, oili yako inaenda kwa samaki tunaokula, na ukisimama humo na miguu mitupu unajitafutia kichocho.

Hatua ya 7: Tyuni

Hapa ndo raha ilipo, kazi ya Jumamosi asubuhi. Fanya kwa mpangilio huu, tapeti (nafasi za valvu), platini (kiswichi kinachokata umeme plagi zipige moto), taimingi (wakati wa moto kupiga), kabureta mwisho, usianze na kabureta hata kama kila mtu anakwambia ni kabureta.

Tapeti za injini hii ya lita 2.25 zote ni inchi 0.010, yaani milimita 0.25, za kuingiza na za kutoa. Kuna ujanja wa 9: valvu ziko nane, hesabu kutoka mbele, ile iliyofunguka kabisa namba yake itoe kwenye 9, jibu ndo valvu unayorekebisha. Namba 8 ikiwa chini kabisa unapima namba 1, namba 6 ikiwa chini unapima 3, unaenda hivyo mpaka zinaisha. Andika ulichokuta kabla ya kurekebisha. Ukikuta valvu za eksozi nafasi inapungua kila mara ukipima, siti za valvu zinazama, na hiyo ni habari ya kujua mapema kabla kompresheni haijapotea.

Platini milimita 0.35 mpaka 0.40, plagi 0.75 mpaka 0.80, moto unapiga 1-3-4-2. Nunua platini na kondensa mbili mbili, kondensa feki ni nyingi sana, ukiikuta inayofanya kazi usiitoe hata kama ni ya zamani na una mpya kwenye boksi.

Kabureta ikiwa ni Zenith, ugonjwa wake unajulikana: mfuniko wa juu unapinda kwa joto na ile oringi ya ndani inakufa, gari ikiwa imesimama injini inapanda na kushuka mzunguko na inatoa moshi mweusi. Weka msasa laini juu ya kioo kinene, sugua uso wa mfuniko mpaka unyooke, oringi mpya, umemaliza. Watu wanatupa kabureta nzima kwa hilo.

Na wale watakaokwambia chomoa hii weka injini ya dizeli ya Toyota, wasikilize, wana hoja, 109 ya petroli kilomita tano au sita kwa lita ni kitu cha kawaida kabisa. Mimi binafsi sikubali. Ukitaka gari inayokula kidogo mjini kumejaa IST.

Hatua ya 8: Kutu

Watu wa Dar wakiona tunaishi na maji wanadhani kutu yetu ni kama yao ya bahari. Hapana, ziwa halina chumvi. Kutu ya huku inatoka kwenye matope yaliyokaa ndani ya chesisi toka masika ya mwaka juzi, na inatoka kwenye samaki. Muulize mama au fundi kama hii gari iliwahi kubeba mzigo wa mwaloni, dagaa, samaki wa barafu, samaki wa chumvi. Kama iliwahi, anzia sakafu ya nyuma na boriti ya mwisho ya chesisi maana yale maji ya samaki na chumvi yalikuwa yanachuruzika hapo kila safari.

Bodi ni aluminiamu haioti kutu nyekundu, ila chesisi na ukuta wa mbele wenye pedali ni chuma, na pale aluminiamu inapogusana na chuma kukiwa na maji ndo inaliwa, utaona unga mweupe na rangi imevimba. Kwa hiyo usiifunike kwa turubai la plastiki, linafungia jasho ndani. Paa la bati lenye upepo linatosha.

Ingia chini na kinyundo kidogo. Gonga chesisi kutoka mbele mpaka nyuma, chuma kizima kinalia ngaa, kilichooza kinasema pu. Penye pu choma na bisibisi. Sehemu za kuhofia ni pale springi zinaposhikia, mikono ya pembeni inayobeba bodi, na nyuma kabisa. Tundu dogo kwenye mkono wa pembeni linachomelewa. Springi inaposhikia pakiwa laini gari isitembee mpaka pakatwe pawekwe chuma kipya kinene, na anayechomelea achomoe betri na alternata kwanza na ajue tangi liko wapi. Usikubali kibandiko juu ya kutu halafu rangi nyeusi juu yake, hiyo ni biashara ya kuuzia mtu.

Zibua matundu ya chini ya chesisi kwa waya, mengi yameziba na maji yamelala ndani. Ikikauka vizuri, mwezi wa saba hivi, nyunyizia oili ndani. Mafundi wanapenda oili chafu kwa sababu ni bure, mimi natumia mpya ya bei ndogo niliyoichanganya na grisi kidogo, oili chafu ina asidi na inachafua mikono ya kila anayeingia chini baadaye, na wa kuingia ni wewe.

Hatua ya 9: Waya na tairi

Waya, taa ikififia usikimbilie kununua taa, tafuta athi. Bodi ni aluminiamu, chesisi ni chuma, katikati kuna unga, umeme hauna pa kurudia. Safisha na msasa, kaza, paka grisi, nusu ya matatizo yameisha. Nyaya alizoongeza mzee zifuate mpaka mwisho wake uandike, usikate chochote ambacho hujui kinaenda wapi.

Tairi, soma tarakimu nne za mwisho kwenye ule msimbo wa ubavuni, 1208 maana yake wiki ya 12 ya mwaka 2008. Tairi ya hivyo hata ikiwa na meno kama mpya toa. 109 inavaa 7.50-16 na nyingi zinatumia tyubu, kagua na tyubu.

Hatua ya 10: Kuitembeza

Kuegesha kunaua kuliko kutumia. Kila wiki itoe, na sio kuiwasha dakika tano ukazima, hiyo inajaza unyevu kwenye oili na sailensa. Itembee mpaka ipate moto kabisa.

Safari za mwanzo zunguka karibu na nyumbani, tambarare, mchana. Kaa 60 mpaka 70, 80 ikiwa imezoea. Usiweke foo wili kwenye lami, hii haina difu ya katikati, unajibana giaboksi na kukata propela, ile nobu ya njano iguse kwenye matope tu. Mto Mirongo ukifurika ukalazimika kupita kwenye maji, ukirudi kanyaga breki mara kadhaa zikauke na kesho yake fungua plagi ya difu uangalie, oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa maji yameingia, mwaga.

Baada ya hapo nenda Usagara na kurudi. Simama huko, usizime, shuka, gusa kila hub ya gurudumu kwa nyuma ya mkono, moja ikiwa ya moto kuliko wenzake ni beringi au breki inayobana. Angalia sindano ya maji, nusa kama kuna petroli au raba inayoungua. Daraja la Kigongo–Busisi na Sengerema subiri kwanza, halikimbii. Ukifika nyumbani tandika kadibodi safi chini ya gari kuanzia injini mpaka difu ya nyuma, iache usiku kucha, asubuhi zungushia kalamu kila tone na uandike limetoka wapi, nene na lenye harufu ya kiberiti ni la giaboksi au difu, jeusi ni la injini, la majimaji linalobabua rangi ni breki au kilachi na hilo ndo la kuanza nalo leo leo, mengine yasubiri mshahara.